Matundu ya Kupumulia

Masika ilipoanza huku Usambara, taa za mbele za gari la usharika ziliingiwa na ukungu. Kila asubuhi tulifuta kioo kwa nje, na matone yako ndani! Usiku mmoja tulikuwa tunampelekea bibi mgonjwa Chakula cha Bwana. Mwanga ulitawanyika hovyo, na mtu aliyesukuma baiskeli tulimwona akiwa hatua chache tu mbele yetu. Mwinjilisti alipiga kelele. Tulisimama tukitetemeka.

Kesho yake tukanunua silikoni, tukaziba kila upenyo. Ukungu ukazidi. Fundi alipoitoa taa alicheka: "Mchungaji, mmeziba hadi matundu ya kupumulia." Akatueleza: taa ikiwaka, hewa ya ndani hupata joto na kutanuka; ikizimwa hupoa na kuvuta hewa ya nje. Unyevu ulioingia lazima upate pa kutokea. Maji yalipenya kwenye mpira uliochakaa nyuma ya balbu. Akaubadilisha, akazibua matundu, akaianika taa juani.

Tukiwa kwenye benchi tukisubiri, tulimkumbuka mzee mmoja wa kanisa. Shauri lake la sadaka ya mavuno tulilifunga bila kumsikiliza, tukisema tunalinda amani ya usharika. Hakuja tena ibadani, nasi tukamwombea kwa mbali.

Tulipomlipa fundi, tulipitia kwake. Alitupa viti uani, akaendelea kupukuchua mahindi bila kututazama. Tulikaa. Jua lilipoanza kuzama ndipo akasema, "Haya. Mlitaka kusikia nini?"