Wadudu wa Kope, na Mtu Asichekwe

Sisi wa seksio ya Biolojia-Kemia tunaleta maneno machache juu ya jambo lililosumbua nyumba yetu ya kulala muhula uliopita. Mingi ilisemwa, na kidogo tu kilikuwa cha kweli. Njo maana tunaandika.

Mwenzetu mmoja alianza kuamka asubuhi na macho ya kuwasha. Kope zake zilishikamana, na kwenye mizizi yake kulikuwa vipande vidogo vyeupe kama mba. Kisha mashavu yakatoka vipele, ngozi ikawa moto. Siku hazikupita mingi, watu wakaanza kunong'ona. "Iko na wadudu kwa macho, musilale karibu yake." "Hanawi uso." "Kwao kijijini bamemufanyia kitu." Taulo lake likatengwa kwenye kamba, na kitanda cha jirani kikahamishwa. Akaanza kula peke yake nyuma ya jiko, mwisho akaomba ruhusa arudi kwao. Hapo ilionekana wazi kwamba si mchezo tena. Mtu anaweza kupoteza mwaka wa masomo kwa sababu ya kuchekwa tu.

Wawili kati yetu tulimsindikiza kwa munganga. Munganga alimtazama vizuri, akasema: "Wadudu wako kweli. Lakini hata mimi niko nao. Na ninyi wawili pia, bila shaka."

Tulistuka. Tuliporudi tulimwuliza mwalimu wetu wa biolojia, na tulisoma kile tulichopata. Mdudu huyo anaitwa demodeksi. Mjerumani Jakob Henle alimwona mwaka 1841, mwenzake Gustav Simon wa Berlin akamweleza vizuri mwaka 1842, na Mwingereza Richard Owen akampa jina hilo mwaka 1843. Limetoka katika maneno mawili ya Kiyunani, mafuta na funza. Lakini yeye si funza. Ana miguu minane, na ukoo wake ni wa kupe na buibui. Wako wa namna mbili kwa mtu. Mmoja, wa urefu wa milimeta 0.3 hadi 0.4, anakaa kwenye shina la nywele na la kope, kichwa chini. Wa pili, mfupi zaidi, anajificha ndani ya tezi za mafuta. Mchana wanakimbia mwanga. Usiku wanatoka kutafutana, na mwendo wao ni milimeta 8 hadi 16 kwa saa. Kwa hiyo mtu akilala saa nane, mdudu anaweza kuvuka shavu zima na sisi hatusikii kitu.

Mwalimu akaleta mikroskopi ile ya kioo, inayotaka jua, maana siku ile hapakuwa na umeme. Akang'oa ukope wake mwenyewe wa kwanza, akauweka kwenye kioo na tone la mafuta. Tukapanga mstari. Mdudu alikuwa pale, anatikisa miguu polepole. Darasa lote kimya! Kisha wengine wakatoa kope zao kwa hiari. Kwa wengine tuliwaona, kwa wengine hapana. Mmoja aliyekuwa akicheka kuliko wote alitazama ukope wake mwenyewe, akakuta wawili. Jioni ile alirudisha kitanda chake mahali pake bila kuambiwa na mtu.

Wale ambao hatukuwaona kwao wasijisifu. Ukope mmoja si uso mzima. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitafuta alama za demodeksi, zile za urithi, katika ngozi ya uso, na watu wazima wote waliopimwa walikuwa nazo. Mtoto mchanga anazaliwa bila wadudu hao, anawapokea kwa kukumbatiwa na watu wa nyumbani. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulionyesha kwamba watu wa asili ya Afrika walioishi Marekani kwa vizazi walikuwa bado na wadudu wa ukoo wa Afrika. Basi si alama ya uchafu wala ya uchawi. Ni kitu tulichopewa pamoja na mapendo ya wazazi.

Mutauliza: kama wote tuko nao, kwa nini mmoja tu aliugua? Ni kwa sababu wakiwa wachache hawadhuru kitu. Wakizidi sana, ngozi na kope zinachokozeka. Munganga alimwuliza mwenzetu anajipaka nini. Akatoa mfukoni kikopo cha pomadi ya kulainisha na kung'arisha uso, kilichonunuliwa sokoni. Ndani yake mlikuwa kortizoni. Dawa hiyo ina kazi yake ikiandikwa na munganga, lakini ukiipaka usoni kila siku kwa miezi, inalaza askari wa ngozi, na wadudu wanazaana bila mlinzi. Mwanzoni uso unapendeza. Baadaye unakuja moto, vipele, na ngozi kuwa nyembamba. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, ndiyo sababu watu wanachelewa kujua. Na ukiiacha kwa ghafula, uso unaweza kuwaka zaidi, hata ukairudia. Anayeitumia aende kwa munganga, aonyeshwe njia ya kuiacha.

Tena tusichanganye magonjwa. Upele unaletwa na mdudu mwingine, anayechimba ngozi, zaidi katikati ya vidole na viwiko, na huo unaambukiza kweli. Filaria ya macho inaletwa na inzi wadogo weusi wa maji yanayokwenda mbio, na mito ya namna hiyo jimbo letu la Tshopo linayo. Dawa ya Mectizan, inayogawiwa bure vijijini kwa ajili ya filaria, inaua pia upele na hata demodeksi. Lakini mtu asijinywee mwenyewe. Mwenye minyoo mingi ya loa loa katika damu anaweza kudhurika vibaya nayo, hata kufa.

Mwenzetu alipewa dawa, akafundishwa kukanda kope kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, kisha kuzisafisha taratibu, asubuhi na jioni. Ilichukua majuma mengi. Hakurudi kwao, na sasa anajitayarisha kwa egzeta ya Serikali pamoja na sisi.

Tunayoomba ni haya. Kila mtu awe na taulo lake na wanja wake, lakini si kwa kumtenga mwenzake. Macho yakiwasha, usitie maji ya majani, wala mkojo, wala dawa ya jirani: macho hayauzwi sokoni. Anayeuza pomadi hizo chini ya kitanda, na tunamjua, aziondoe. Na ukimwona ndugu ana vipele usoni, kabla hujafungua kinywa, kumbuka wale wanane wa miguu wanaotembea usiku kwenye shavu lako mwenyewe.