Bro Wangu Hakukosa Nia, Alikosa Watu

Nianze na kitu ambacho familia yetu haipendi nikisema: bro wangu ameenda rehabu mara mbili, na mara zote mbili alirudia pombe kabla mwezi kuisha.

Mara ya kwanza mathe alikopa kwa chama. Mara ya pili wajomba walichanga kwa M-Pesa huku wakinung'unika. Miezi mitatu anatoka amenona, anacheka, tunampikia chapo. Halafu Ijumaa moja hashiki simu, na asubuhi analetwa na mtu wa boda, hata jina lake hakumbuki.

Tulisema hana nia. Mimi ndio nilisema kwa sauti kubwa kushinda wote.

Mwaka jana mshauri mmoja kwa kliniki alituuliza swali rahisi: akitoka rehabu, huwa anarudi kwa nani? Tukanyamaza. Alikuwa anarudi mtaa uleule, baze ileile, wasee walewale. Kikundi alikuwa nacho. Kikundi cha kunywa.

Ndio akaanza kwenda mikutano ya Alcoholics Anonymous. Wengi hudhani hiyo ni ya muvi tu. Ni kweli ilianza Marekani, Ohio, mwaka 1935, wakati Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote walevi, waligundua kuongea na mlevi mwenzako kunasaidia ukae bila kunywa. Lakini iko hata hapa Nairobi, na hulipi kiingilio.

Kuna mikutano iliyo wazi kwa watu wa nje, so nikamsindikiza. Viti vya plastiki, chai, watu kama kumi na mbili. Yanayosemwa pale hubaki pale, kwa hivyo ya wengine sitasema. Ya bro ameniruhusu. Alisimama akasema, "Kitu huniuma si hata pombe. Ni vile sister yangu huangalia mikono yangu kila nikiingia nyumbani, kuona kama inatetemeka."

Sikujua huwa ananiona.

Hapo ndio nilielewa kazi ya kikundi. Mimi anaweza kunidanganya. Lakini mtu aliyedanganya bibi yake miaka kumi, huyo humwezi, uongo wako anaujua kabla umalize sentensi. Na hakuchukii, juu amekuwa hapo.

Kuna pia tiba ya kikundi inayoongozwa na mshauri aliyesomea. Bro huenda hiyo pia. Huko wanajifunza kujua vichochezi vyao: mshahara ukiingia, Ijumaa jioni, ugomvi na mathe. Wanafanya mazoezi ya kukataa. Mmoja anajifanya beste anayekununulia moja tu, wewe unajibu, wengine wanakukosoa. Inakaa mchezo, mpaka siku beste wa ukweli akusimamishe stegi.

Si dawa ya miujiza. Mwezi wa tano alianguka. Zamani angepotea wiki tatu kwa aibu. Safari hii msee wa kikundi alimpigia simu, na kesho yake akarudi kwa kiti chake. Kwangu hiyo tofauti ni kubwa.

Kitu kingine usipuuze: kama mtu wako hunywa sana kila siku, asiache ghafla peke yake. Mwili unaweza kupata degedege, na inaweza kuua. Aone daktari kwanza, kikundi kifuate. Ukikwama, laini ya NACADA ni 1192, ni ya bure.

Sisi Wakenya tuna chama ya mazishi, ya sufuria, ya ploti. Sielewi kwa nini mtu akitaka kuacha pombe tunamwambia ajikaze peke yake.

Mimi nimeacha kuangalia mikono. Siku hizi bro akiingia namuuliza tu, "Leo kikundi kilikuwaje?" Halafu namsikiliza mpaka amalize.