Usiku wa Bamako, hapa Nakivale

Kwenye kibanda cha video filamu haijitembezi yenyewe. Lazima awepo mtu wa maiki, anayekaa pembeni ya televisheni na kutafsiri huku picha zinakwenda, anatia chumvi, anampa muigizaji jina la mtaani, anacheka kabla watu hawajacheka. Waganda wanamwita VJ. Sisi wa upande wa New Congo hatukuwa na wetu wa Kiswahili, basi nikawa mimi, kwa sababu tatu: Kifaransa nilikisoma, sauti ninayo, na sidai pesa.

Mchana nina kazi inayofanana na hiyo, ila haitakiwi chumvi. Mara moja moja ninaitwa ofisini kuwa mkalimani wa watu wa kwetu wanaohojiwa. Nitarudi huko.

Jumamosi moja tulionyesha Timbuktu ya Abderrahmane Sissako. Mwenye kibanda alisita sana, maana wateja wake wamezoea za ngumi, za Kihindi na za Nigeria. Nikamwambia filamu hiyo ilitoka 2014 na mwaka uliofuata ikabeba tuzo saba za César kule Ufaransa. Akaniuliza kama hizo César zinalipa petroli ya jenereta. Lakini watu walikaa mpaka mwisho. Ni hadithi ya mji ulioingiliwa na watu wenye bunduki wanaokataza muziki, wanakataza mpira, wanakataza hata kukaa barazani. Jambo hilo hatukuhitaji kutafsiriwa.

Swali la kwanza lilikuwa lile lile la siku zote: stelingi ni nani? Nikajibu hakuna. Yuko mfugaji na mke wake na binti yao, yuko mvuvi anayemwua ng'ombe wa mfugaji, yuko imamu, yuko dada anayechapwa viboko kwa sababu ameimba, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba filamu ni yake. Mama mmoja anayeuza samaki pale Base Camp alichagua stelingi wake mwenyewe: yule muuza samaki anayelazimishwa kuvaa glavu, anakataa, anawaambia basi wamkate mikono. «Ule njo mimi,» alisema, na hadi leo wengine wanamwita Mama Timbuktu. Vijana walichukua ile sehemu ya mechi isiyo na mpira. Kesho yake niliwakuta watoto uwanjani wakipiga chenga hewa, golikipa anaruka, goli linashangiliwa.

Basi nikapata kichwa kikubwa. Jumamosi iliyofuata nikaleta Bamako, ya Sissako huyo huyo, ya mwaka 2006. Hapo ndipo tulipogawanyika.

Bamako yote karibu inakaa ndani ya ua mmoja. Ni ua wa nyumba ya marehemu baba yake Sissako, mtaa wa Hamdallaye, alikokulia. Akina mama wanatia vitambaa rangi, mgonjwa amelala chumbani, watoto wanapita, arusi inapita. Na katikati ya ua huo huo kuna mahakama: majaji wenye majoho, mafaili, maiki. Wanaoshtakiwa ni Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wanasheria mle ni wanasheria kweli, na mashahidi wamekuja kusema mambo yao wenyewe.

Dakika ishirini hazijafika, sauti ikatoka nyuma: «Papa, iyi ni filme ao ni mukutano?» Kibanda kizima kikacheka. Na alikuwa na haki. Huku mikutano tunayo. Tunaitwa kwenye mikutano ya maji, ya sabuni, ya kupunguziwa chakula, na mtu hawezi kulipa shilingi 500 zake akakalishwa kwenye mkutano mwingine. Wawili walitoka. Mmoja alidai arudishiwe pesa, akarudishiwa nusu.

Mwisho wa mabishano hayo ninaujua, kwa sababu hata ndani ya filamu yapo. Spika zimefungwa nje ili mtaa usikie kesi, vijana wamekaa chini yake, mmoja anachoka na maneno na kuikata sauti. Sissako alijua kabisa kwamba kesi yake inachosha watu ambao kesi ni yao. Hilo mimi nalihesabu kuwa ni heshima. Vijana wetu walilihesabu kuwa ni ushahidi wao.

Kilichowarudisha ni makauboi. Ghafla katikati ya filamu inaingia filamu nyingine fupi, watu wa ua wanaitazama kwenye televisheni: Danny Glover na wenzake wamevaa kofia pana, wanapigana risasi mjini Timbuktu. Sissako mwenyewe yumo akiigiza. Kibanda kikaamka, maiki ikapata kazi, chumvi nikaimwaga. Halafu kauboi mmoja anampiga mwalimu risasi, kwa sababu walimu wawili ni wengi mno, na watu wakacheka. Mwalimu mmoja Mrundi, jirani yangu, anayefundisha darasa ambalo watoto hawaenei ndani, yeye hakucheka. Baadaye akatueleza kwamba mchezo ule na kesi ile ni neno moja: wakopeshaji walipokuja na marekebisho yao ya uchumi, serikali ziliambiwa zipunguze wafanyakazi, na mwalimu ni mfanyakazi. Mimi niliyeshika maiki sikuwa nimeliona hilo.

Sehemu iliyowasimamisha Wakongomani ni ile ya Aminata Traoré, aliyewahi kuwa waziri wa utamaduni wa Mali. Anakataa mbele ya majaji kwamba sifa ya Afrika ni umaskini. Kwake yeye, Afrika inateswa na utajiri wake. Nilipolitoa hilo kwa Kiswahili mtu akapiga kelele: «Uyu mama alishafika Walikale?» Wakapiga makofi kana kwamba timu yetu imefunga.

Yuko pia mzee mmoja wetu aliyekuwa wakili Bujumbura. Huyo ndiye mkosoaji wangu mkali. Kesi hii, alisema, ina upande mmoja: watetezi wa Benki wamepewa maneno machache na meno hafifu, na kesi ya upande mmoja ni mahubiri. Tena hukumu haitolewi. Wakili wa walalamikaji anaomba washtakiwa wafanye kazi za manufaa kwa wanadamu milele, halafu basi, tunarudi nyumbani. Nilimjibu kwamba hata sisi hukumu yetu hatujaiona. Akaniambia hilo ni jibu la mshairi. Nakubali alinishinda kwenye watetezi wa Benki. Nilipoitazama mara ya pili niliona kweli kwamba Sissako hakuwaogopa, na mtu usiyemwogopa unamwandikia maneno mepesi.

Lakini walipokuwa wanabishana juu ya kesi, macho yangu yalikuwa kwa wasiokuwa kwenye kesi. Melé, mwimbaji wa baa, asubuhi anapita katikati ya mahakama akitafuta mtu wa kumfungia kamba za gauni mgongoni. Mume wake Chaka hana kazi. Anajifunza Kiebrania kwa kaseti, kwa sababu anatumaini siku moja Israeli itafungua ubalozi Bamako na yeye atakuwa mlinzi. Wanawake walicheka sana hapo, halafu wakanyamaza, maana kila mmoja anamjua Chaka wake. Mimi mwenyewe nina binamu anayeongea Kiingereza cha Australia tangu alipofanya mahojiano ya kwanza, na faili lake lina miaka kwenye kabati. Chaka wa filamu mwishoni anajiua. Hakuna shahidi aliyemtaja, hakuna wakili aliyelijua jina lake, na alikuwa akiishi palepale mahakamani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Sissako hataki stelingi. Ukimweka stelingi, kamera itamfuata yeye, na Chaka atakufa nje ya picha.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma.

Shahidi mmoja ni mwalimu. Anaitwa, anasimama, anasema jina lake na kazi yake, kisha anakaa kimya. Majaji wanangoja. Ananyamaza mpaka anaondoka. Mimi na maiki yangu sikuweza kungoja. Kimya kwenye kibanda ni hasara, watu wanadhani umeme umeleta shida. Nikasema kwa sauti ya huzuni: «Waheshimiwa, sina la kusema.» Watu wakaguna, wakamhurumia. Na yule mtu hakusema hivyo. Hakusema kitu.

Halafu akaja mzee Zegué Bamba. Tangu mwanzo wa filamu alikuwa ametaka kusema, akaambiwa zamu yake haijafika. Sasa anainuka bila kuitwa, na anaimba. Ni wimbo wa kulalamika, mrefu, kifua kinapanda na kushuka. Nikatazama chini ya skrini kusoma Kifaransa, kama nilivyofanya Kibambara kilipokuwa kinasemwa. Hakuna kitu. Sissako ameuacha bila maandishi.

«Tafsiri basi! Mzee anasema nini?»

Nikafungua mdomo. Chumvi ilikuwapo, ningeweza kusema mvua, mashamba, watoto, deni, na wangeniamini wote. Nikasema tu, «Haijaandikwa.» Wakaanza kupiga kelele, mpaka Mama Timbuktu aliposema kutoka mbele: «Mumwache, anasikika.» Basi tukamsikiliza. Sijawahi kuona kibanda kile kimetulia hivyo, hata siku ya fainali.

Nje wakabishana juu ya hilo hadi usiku. Kijana mmoja alidai pesa za kutafsiri zilikuwa zimeisha. Wakili akasema ushahidi usioeleweka hauwezi kuingia kwenye kumbukumbu za mahakama, hilo ni kosa la kisheria. Mama Timbuktu akasema msibani hakuna mkalimani. Mimi nilikunja nyaya zangu nikaenda zangu kulala, na sikulala.

Miaka iliyopita, katika ofisi moja, nilimtafsiria mzee wa kwetu wa bonde la Ruzizi. Alikuwa anasema Kifuliiru tupu. Aliulizwa: siku nyumba yake ilipochomwa alikuwa wapi, na aliona nini. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kutaja majina ya watoto wake, mmoja mmoja, polepole, na baada ya kila jina anapumzika. Aliyekuwa anahoji alitazama saa, akaniuliza: anasema nini? Nikajibu: anasema hakumbuki vizuri. Nilitaka kumsaidia. Nilidhani majina hayo si jibu, yatamfanya aonekane mzee aliyechanganyikiwa. Kalamu ikaandika. Baada ya miezi barua ikaja kwamba maelezo yake hayatoshi. Yeye hakujua nilichosema. Kila tukikutana njiani ananisalimia kwa mikono miwili, ananiita mwanangu.

Wiki ile nilitafuta Heremakono, filamu ya Sissako ya 2002, nikaitazama peke yangu kwenye simu. Iko Nouadhibou, mji wa bandari wa Mauritania, watu wanangoja kuondoka. Kijana mmoja amekuja kwa mama yake na hajui lugha ya pale, mtoto mdogo ndiye anayemfundisha maneno. Sissako alizaliwa Mauritania, akakulia Mali, akasomea sinema Moscow; mtu kama huyo ameshakaa sana mahali ambapo wengine wanamsemea. Niliizima kabla haijaisha. Si kwa ubaya wake.

Jumatatu nilipanda bodaboda hadi kwa mzee. Alikuwa anapukuchua mahindi kwenye turubai. Nilikaa chini nikamweleza yote, swali lilivyokuwa, majina aliyoyataja, na maneno matatu niliyoyaweka mahali pao. Aliendelea kupukuchua. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia, nikajizuia. Gunzi la tatu lilipoisha aliuliza kama barua ile bado inaweza kujibiwa. Nikasema muda wake umepita, ila tunaweza kuomba faili lifunguliwe tena, sina hakika watakubali.

«Umekuja na kalamu?»

Nilikuwa nayo. Alijipangusa mikono, akanitajia jina la kifungua mimba wake, na akangoja hadi nimalize kuliandika.