Nilitaka kumhamishia Mama hewani!

Mpenzi msomaji, mimi nilikuwa nimechoka Mbagala. Nimechoka foleni ya asubuhi, nimechoka na mama mwenye nyumba anayehesabu ndoo zetu za maji kama anahesabu noti. Kwa hiyo Mama, mwalimu wa shule ya msingi, alipostaafu na kupata mafao yake, nikaanza kumwimbia kila jioni: "Mama, tununue fleti mjini. Kodi basi!"

Dalali hakuchelewa. Kariakoo, ghorofa ya nne, chumba kimoja, sebule, jiko na choo ndani. Bei Sh. milioni 75, nusu sasa, nusu ndani ya mwaka mmoja.

Basi Jumamosi tukaenda. Kariakoo unaijua. Mtaa wa Kongo hupiti mwenyewe, unapitishwa na watu. Mikokoteni inakupigia kelele upishe, machinga anakuita "dada mzuri" hata kama umekunja uso. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na korido katikati sasa ni za kuhesabu. Palipokuwa na ua wa kuanikia nguo pana ghorofa, na chini fremu za maduka. Mimi moyoni nilishahamia. Nilishajisikia nikiwaambia mashosti, "Mwenzenu nakaa mjini bwana."

Lifti hakuna. Mama alipumzika mara tatu kwenye ngazi, na magoti yake yale. Lakini fleti yenyewe, sikufichi, ilinimaliza. Vigae vinang'aa, dirisha kubwa, moshi wa mishikaki unapanda kutoka chini. Hata kitanda nilishakipanga kikae wapi.

"Mama, kuna mfanyabiashara wa Lubumbashi anakuja jioni na keshi," dalali akasema. "Toeni milioni 5 za kushikia, nimzuie."

Nikamkonyeza Mama. Wala hakuniangalia. Akavaa miwani.

"Mwanangu, hati iko wapi?"

Dalali akatoa karatasi ina muhuri wa wakili. Mama akaisoma yote, taratibu, kama anasahihisha daftari.

"Huu ni mkataba wa mauziano. Nimeulizia hati."

Hapo ndipo ngoma ilipobadilika. Kumbe mwenye kiwanja alitoa kiwanja, mwenye pesa akajenga, wakagawana ghorofa. Muuzaji wetu alinunua kwa yule mjenzi kwa karatasi tu. Hati ni moja, ya kiwanja kizima, na ina jina la mwenye kiwanja. Akikopea benki, au akifa na warithi wakagombana, wewe wa ghorofa ya nne unabaki na mkataba wako na vigae vyako.

Na sheria ipo. Tangu mwaka 2008 kuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Fleti yako inaweza kuwa na hati yake, kwa jina lako, pamoja na fungu lako kwenye vile mnavyotumia wote.

"Ghorofa likianguka," Mama akauliza, "sisi tutakuwa tunamiliki nini? Hewa?"

Pale chumbani pakawa kimya. Hakuna mtu wa Kariakoo aliyesahau Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoporomoka mchana kweupe na watu wakafukiwa humo.

Mama akaomba namba ya kiwanja ili akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Loo! Dalali akapata simu ya ghafla, akatoka, tukamsubiri mpaka tukashuka wenyewe.

Kwenye daladala nilinuna. Halafu aibu ikanishika. Miaka 34 ya chaki ya Mama, na mimi nilitaka kuimalizia kwenye dirisha, ili nipate la kuwaambia mashosti. Magoti yake sikuyafikiria hata ngazi moja.

"Ulijuaje Mama?" nikamuuliza.

"Nimefundisha sana mwanangu. Mtoto asiye na jibu ndiye anayekuharakisha ugeuze ukurasa."

Jioni ile dalali akatuma ujumbe: imeshachukuliwa. Wiki tatu baadaye akapiga simu. Fleti ipo, bei imeshuka, kuna mteja mwingine anakuja jioni.

Pesa bado iko benki, sisi bado tuko Mbagala tunahesabiwa ndoo. Tunatafuta fleti, msomaji wangu. Iwe ghorofa ya chini, na hati tuione kwanza.