Salamu kutoka Bangale

Kila redio inapotaja Tana River, mama hunipigia simu kutoka Mombasa akinisihi nirudi nyumbani. Simlaumu. Kaunti hii husikika kwa ukame, kwa mafuriko, na kwa mapigano ya mwaka 2012 baina ya Waorma na Wapokomo katika Delta. Hayo yalitokea kweli. Lakini Bangale iko mbali na Delta, kando ya barabara ya Mwingi kwenda Garissa, na waandishi wa ugenini hufika huku mifugo inapokufa. Hupiga picha ya mizoga, wakaondoka.

Nilipohamia, jirani yangu wa Kiorma aliniletea maziwa yenye harufu ya chombo kilichofukizwa moshi. Kiswahili chake kilikuwa haba, na Kiorma changu hakikuwapo kabisa. Akanifundisha neno moja: nagaa, yaani amani. Waorma, kama ndugu zao Waborana, huamkiana kwa kuulizana amani. Nasi tutoapo salamu twaombeana iyo hiyo. Tangu siku ile hatujakosa la kuzungumza.

Nimemwomba mama aje akae nami walau wiki moja, ayanywe maziwa yale, kisha ndipo anishauri. Amekubali, atakuja baada ya Idi, inshallah.