Kaburu wa Rufiji aliyeichongea manowari

Panda basi Mbagala, shika Barabara ya Kilwa, ipite Mkuranga. Karanga zako hazijaisha vizuri, konda anapiga kelele: "Kibiti hiyo, wa kushuka!" Watoto wa mjini wengi tunapajua huku kwa wali, embe na kamba, basi. Minazi na mikorosho ya Mtawanya haikupi hata dokezo kwamba wilaya hii iliwahi kuwatoa jasho Waingereza na Wajerumani kwa mpigo.

Mwenye kisa anaitwa Philip Jacobus Pretorius, Kaburu wa Transvaal aliyezaliwa mwaka 1877. Alikuja kuwinda tembo, akapapenda, akapata shamba kando ya mto Rufiji. Mjerumani, aliyekuwa bosi wa nchi wakati huo, akalinyakua. Kinyongo kikaanzia hapo, msomaji. Vita Kuu ilipolipuka mwaka 1914, jamaa akatimua mbio hadi ng'ambo ya Ruvuma, ana majeraha ya risasi miguuni.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliibukia Zanzibar ikaizamisha Pegasus ya Waingereza, kisha ikayeyuka. Kumbe imejichimbia delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, ambako mikondo ya maji imepindapinda kuliko vichochoro vya Manzese. Meli kubwa za Mwingereza zikabaki baharini zinachungulia, maana ndani kina ni kifupi.

Nani anaujua huu mto? Wakamfuata Pretorius Afrika Kusini. Mwaka 1915 akapitia Mafia, akapenya deltani kwa siri, akapima vina vya maji na kufuatilia kupwa na kujaa. Peke yake? Wapi! Alikuwa na wenyeji waliojua kila mkono wa mto. Yeye tunamtaja kwa majina yote matatu; wao hakuna anayewataja.

Tarehe 6 Julai 1915 meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, ziliingia na mizinga yao, huku ndege ikiwaelekeza kutoka juu. Siku hiyo ngoma droo. Tarehe 11 wakarudi, na safari hii Kapteni Max Looff akaamuru meli yake mwenyewe ilipuliwe.

Usidhani mchezo uliishia hapo. Wajerumani waliiopoa mizinga yote 10, wakaiburuta kupigana nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo. Pretorius naye akawa mpelelezi mkuu wa Jenerali Smuts. Na mizigo ya jeshi nani aliibeba? Babu zetu, maelfu kwa maelfu, wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Kikosi chao cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Litamke jina hilo harakaharaka, utajikuta umefika Kariakoo.

Baada ya vita Kaburu akarudi kwao na umeja na nishani. Shamba la Rufiji? Hadithi. Mwaka 1919 serikali ya Afrika Kusini ikamkodi awamalize tembo wa Addo, waliokuwa wakiwasumbua wakulima. Akaua zaidi ya 100. Hifadhi ya Addo ilipoanzishwa mwaka 1931, walikuwa wamebaki 11 tu. Yaani mtu aliyenyang'anywa shamba kwa mabavu akaishia kuwafukuza wengine kwao, ili wenye mashamba walale usingizi. Alifariki mwaka 1945.

Ukitaka kuiona Königsberg, umechelewa, tope limeshaimeza. Lakini nenda tu. Kutoka Kibiti shika njia ya Nyamisati, kwenye maboti ya Mafia, uitazame mikoko. Ukimpata mzee wa huko mwenye muda, usimuulize habari za Pretorius. Muulize babu yake alibeba nini, na kama alirudi.