Mtoto wa Arobaini na Moja



Hapa Kizuka tuliandika programu ya orodha ya madrasa kwa lugha ya C, tukatenga safu ya majina 40. Mwaka huu watoto wakawa 43. Siku ya kugawa juzuu, majina matatu hayakuitwa. Mtoto mmoja akauliza, "Maalimu, kwani mimi si wa hapa?" Tuliona haya.

Tukahamia C++, tukidhani dawa ni hiyo. Wapi! C++ huipokea safu ya C kama ilivyo, na kitanzi chetu kiliendelea kuishia 40. Kulisukuma jina la 41 humo ni hatari: hukatazwi, bali huenda likafuta kilichohifadhiwa jirani.

Tulichohitaji ni vector, iliyomo katika kiwango cha C++ tangu 1998. Jina jipya huingizwa kwa push_back, nafasi ikaongezeka yenyewe. Kitanzi nacho huuliza size(), hakikariri 40.

Basi wanafunzi wetu, mkihama lugha, yaacheni na mazoea ya zamani. Jamvini watoto husogeana mwenzao akija. Orodha nayo iwe hivyo.